Kiwanja Kisicho na Bikoni: Barua ya Wazi kwa Mameya na Madiwani wa Dar es Salaam

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam,
Waheshimiwa Mameya wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni,
Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: VIWANJA VYA WAZI VYA MITAA NA FEDHA ZA KUVITUNZA



Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo barua za ofisini zinavyoanza, na hii imeanza hivyo kwa makusudi, maana jambo lenyewe ni la ofisini: la michoro, bikoni, hati na vifungu vya bajeti. Ila chimbuko lake liko mbali na ofisi. Liko Coco Beach, Idd pili, saa kumi jioni.

Anayetaka kuona jinsi Dar es Salaam ilivyokosa mahali pa kupumzikia aende Coco siku ya sikukuu. Atakuta familia zilizotoka Gongo la Mboto, Mbagala Rangi Tatu, Chanika na Kimara. Wamebadili daladala mara mbili, mtoto mmoja kapakatwa, mwingine kasimama kashika nguo ya mama. Baba kabeba maji, shangazi kabeba hotipoti. Wakifika wanagombea kivuli cha mti ambacho tayari kina familia nne, mihogo inaliwa wima, na ikigonga saa kumi na mbili safari ya kurudi inaanza, watoto wamelala mabegani kabla gari halijasogea. Watu hao wamevuka mji mzima kutafuta kitu ambacho kingepaswa kuwa uchochoro wa pili kutoka kwao: mahali pa wazi, penye hewa, ambapo hakuna wa kuwauliza wananunua nini.

Watoto waliobaki nyumbani wanacheza barabarani. Chandimu inapigwa kati ya bajaji mbili. Rede inarushwa mbele ya fremu mpaka mwenye duka atoke na fagio. Kombolela, mchezo unaotaka pa kujificha, umekufa katika mitaa mingi, na waliouua si watoto wala televisheni. Ni kuta zenye vipande vya chupa juu yake.

Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kati yao wamo watoto waliozaliwa katika mtaa ambao haujawahi kuwa na goli la miti miwili.

Mwandishi wa barua hii hadai kwamba madiwani walioko madarakani ndio waliouza viwanja. Wengi wenu mmekuta vimekwisha kwenda. Lakini vilivyobaki viko mikononi mwenu, na malalamiko yafuatayo yanawahusu kwa vyeo vyenu.

1. Mwenye mali hajui mali yake iko wapi.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imezipa halmashauri mamlaka ya kupanga ardhi ndani ya mipaka yao. Maana yake ni kwamba mchoro wa kila eneo lililopimwa uko katika makabati yenu, na ndani ya mchoro huo kuna vipande vilivyoandikwa kuwa ni vya wazi, vya michezo au vya bustani. Mradi wa viwanja 20,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliopima Tuangoma, Kibada, Bunju, Mbweni, Mivumoni na kwingineko, ulichorwa kwa utaratibu huo huo. Afisa mipango miji anavijua vipande hivyo. Mwenye nyumba jirani havijui, mwalimu wa shule ya msingi havijui, na mara nyingi hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa anavisikia kwa tetesi. Mtu anayejua peke yake kwamba kitu ni cha umma ana nafasi nzuri sana ya kukifanya kisiwe cha umma.

Namna kiwanja kinavyopotea haina siri tena. Huanza na gereji bubu: magari mawili mabovu chini ya mwembe na fundi mwenye adabu anayemsalimia kila mpita njia. Hakuna anayelalamika, maana fundi naye anatafuta riziki. Kisha huja marundo ya mchanga na kokoto, ikafuata mashine ya kufyatulia matofali. Miaka miwili mitatu baadaye, asubuhi moja, eneo zima huwa limezungushiwa mabati, na ndani yake yupo mtu mwenye karatasi. Watoto wakiuliza, huambiwa kwamba pale siku zote palikuwa pa mtu. Mzee wa mtaa hubaki akisema, "Hapa tulikuwa tunacheza," na kauli hiyo haina namba ya hati.

Serikali yenyewe ilishaukiri ugonjwa huu. Mwaka 2011 Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa ametoka kuongoza UN-Habitat na kukabidhiwa Wizara ya Ardhi, alianzisha kampeni ya kurudisha maeneo ya wazi yaliyovamiwa Dar es Salaam, na kuta zikaangushwa mchana kweupe. Wananchi walishangilia. Lakini bomoabomoa ndiyo njia ya gharama kuliko zote ya kulinda kiwanja: wakati tingatinga linafika, mtu ameshatumia akiba yake yote kwenye msingi, mawakili wameshalipwa, na miti imeshakatwa. Bikoni nne za zege na bango moja la bati vingefanya kazi hiyo mapema, kwa bei ya tripu chache za mchanga.

Majirani wa Kenya walilipa zaidi. Nairobi, mwaka 1989, ilibidi Wangari Maathai asimame karibu peke yake kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni, mpaka wafadhili wakajitoa na mradi ukafa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwaachia wakazi wa mji mwaka 1906. Safari hii aliyeongoza mapambano ni mjukuu wake, Zarina Patel. Bustani zote mbili zipo hadi leo. Lakini jiji halipaswi kungoja shujaa kwa kila kipande cha nyasi. Kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

2. Urasimishaji umekumbuka gari, umesahau mtoto.

Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi mahali palipojengwa kwanza na kupimwa baadaye. Manzese, Tandale, Keko, Vingunguti, sehemu kubwa ya Mbagala na Kimara: nyumba zilitangulia, mchoro ukafuata. Urasimishaji wa makazi umeleta kitu cha maana sana huko. Aliyekuwa na karatasi ya mauziano yenye sahihi ya mjumbe sasa ana hati, na anaweza kulala.

Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha urasimishaji anajua mazungumzo yanavyokwenda. Kila mwenye kiwanja atoe mita ngapi ili barabara ipite? Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mmoja anasema ukuta wake ni wa zamani, mwingine ana kaburi la babu, wa tatu hataki kumwona jirani akitoa kidogo kuliko yeye. Mwisho wanapatana, kuta zinasogezwa, na gari la wagonjwa linapata njia. Ni ushindi wa kweli, unaostahili pongezi.

Lakini katika kikao kile kile, ambapo watu wako tayari kutoa ardhi yao bure kwa ajili ya mtaa, ajenda ya kiwanja haiwekwi mezani. Hakuna anayeuliza kama mtaa unaweza kujibana upate mita ishirini kwa thelathini za kuchezea. Upimaji ukishapitishwa nafasi hiyo imekwenda, kwa sababu kila kipande kina hati na kila hati ina mwenyewe.

UN-Habitat inashauri miji itenge karibu asilimia 30 ya ardhi yake kwa barabara na asilimia 15 hadi 20 kwa maeneo ya wazi ya umma. Kudai kiwango hicho Tandale leo ni kuota mchana. Kinachodaiwa ni kianzio: kiwanja kimoja kwa kila mtaa unaorasimishwa, hata kama itabidi halmashauri inunue nyumba mbili zilizochakaa zinazouzwa. Halmashauri hununua na kufidia ardhi ili kujenga shule na zahanati, na hakuna anayeona ajabu.

3. Fedha zinapanda juu, hazishuki mtaani.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Uwanja mpya unajengwa Arusha. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye kuchukua watu 60,000 tangu 2007, unapigwa msasa. Hakuna Mtanzania mwenye damu asiyefurahi. Vilevile lipo Bonde la Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia, pamoja na Uholanzi na Hispania, iliidhinisha fedha kwa ajili ya bonde hilo, na ndani ya mpango huo limo daraja jipya la Jangwani la mita 390 na bustani kubwa ya jiji. Kila anayekumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwahamishia waathirika Mabwepande, au aliyeona karakana ya mwendokasi pale Jangwani ikizama mvua baada ya mvua, ataelewa busara ya mpango huo. Mahali maji yanapotaka kupita, ziachwe nyasi.

Ila mtoto wa Chanika hataenda Jangwani kila siku akitoka shule. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 kwa siku za kukimbia na kuruka. Dakika hizo hazipandiwi daladala. Zinapatikana pale ambapo mtoto anafika kwa miguu na mama anaweza kumwita kwa sauti chakula kikiiva. Umoja wa Mataifa, unapopima kama wakazi wa mji wanafikia eneo la wazi, hutumia umbali wa mita 400, ambao katika mitaa mingi ya Dar es Salaam ni safari ya kwenda sokoni na kurudi.

Bustani moja kubwa, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kufanya kazi ya viwanja mia vidogo. Na kwa kuwa kubwa ina mfadhili, mhandisi mshauri na siku ya uzinduzi, huku kidogo kina wavulana wenye mpira wa makaratasi, inajulikana kipi kitapewa kifungu cha bajeti.

Hapa wengi hutaja jina la Mbwana Samatta, na mwandishi naye hatajizuia, ingawa hoja yenyewe imechakaa kwa kutumiwa. Samatta alikulia Mbagala. Januari 2020 alikuwa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa, na tarehe 1 Machi mwaka huo alifunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Hadithi hiyo ni tamu, na madiwani wanapenda soka. Lakini viwanja vinadaiwa zaidi kwa ajili ya wale ambao hawatakuwa Samatta kamwe: mzee wa drafti, mama mwenye kisukari aliyeambiwa na daktari atembee nusu saa kila jioni na asiyejua atembelee wapi bila kugongwa na bodaboda, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye, ukiacha kijiwe, hana pa kukaa.

4. Wasichana hawana zamu.

Kiwanja kikibaki kimoja, huwa cha wavulana. Hakuna aliyeamua hivyo; ndivyo inavyotokea. Wenye mpira wanafika saa tisa na kuondoka giza likiingia, na msichana anayetaka kucheza netiboli anaambiwa asubiri wamalize.

Tena kuna suala la jua, ambalo wapangaji wamelisahau ingawa liko juu ya vichwa vyao. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Msichana akirudi shule anaosha vyombo, anachota maji, anamwangalia mdogo wake. Anapomaliza, mwanga umebaki kidogo, na kiwanja kisicho na taa si mahali ambapo mzazi mwenye akili atamruhusu binti yake. Taa nne za sola zinamwongezea msichana saa mbili za utoto kila siku. Choo chenye mlango unaofungika kinamwezesha kubaki bila kukimbilia nyumbani. Mambo hayo mawili hayatajwi kwenye hotuba za michezo, pengine kwa sababu hotuba nyingi zinaandikwa na watu ambao hawakuwahi kuyahitaji.

5. "Kuboresha" kumegeuka neno la kutisha.

Mkazi akisikia kwamba kiwanja chake kitaboreshwa, jambo la kwanza analowaza ni ukuta. La pili ni geti. La tatu ni kijana wa risiti. Baada ya hapo kinakuwa ukumbi wa harusi Jumamosi na baa siku zilizobaki, na watoto wanachungulia kwenye nondo. Hofu hiyo haikutoka hewani, na ndiyo inayofanya wakazi wapige vita miradi ambayo wangepaswa kuishangilia.

Lakini mfano wa kinyume upo, nusu saa kwa ndege ndogo kutoka hapa. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Ukuta wa bahari uliimarishwa, njia zikatengenezwa, taa zikawekwa, miti ikatunzwa. Wauza urojo, mishikaki na juisi ya miwa wakapewa nafasi yao, na hadi leo mtu huingia bila kulipa, akakaa ukingoni kutazama vijana wakijitosa majini. Hapa hapa Dar es Salaam, pale Kidongo Chekundu, kituo cha vijana chenye jina la Rais Kikwete kilifunguliwa 2015 kwa ushirikiano wa kampuni ya umeme ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza, kikiwa na viwanja vya soka na mpira wa kikapu. Wadau wapo. Wanachohitaji kukuta ni eneo lenye mipaka inayojulikana na kamati inayoeleweka.

6. Wanasiasa ndio wadeni wakubwa.

Mnazi Mmoja ilianza vibaya. Wakoloni waliuacha ukanda ule wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini na Uzunguni, wakisingizia afya. Wenyeji wakaugeuza kuwa wao. Miaka ya 1950 TANU ilifanya mikutano yake pale, na leo Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama juu ya ardhi iliyokusudiwa kuwatenganisha watu. Tarehe 15 Septemba 2007, Dkt. Willibrod Slaa alisimama Mwembe Yanga, Temeke, akasoma orodha ya majina ya waliotuhumiwa kwa ufisadi, na uwanja wa vumbi ukaingia katika historia ya siasa za nchi. Biafra, Jangwani, Tanganyika Packers: ukiyaondoa maeneo hayo, kampeni za uchaguzi Dar es Salaam zitafanyikia wapi?

Kila mmoja wenu, Waheshimiwa, kwa chama chochote, aliwahi kuomba kura akiwa kwenye kiwanja cha wazi. Jukwaa lilipoondolewa, chupa za maji zilibaki, na watoto wakaziokota ndipo wakaanza mpira.

MAOMBI

Lililo la haraka kuliko yote halihitaji mfadhili. Kabla ya tarehe 1 Julai ijayo, mwaka wa fedha unapoanza, kila ofisi ya serikali ya mtaa ibandike ukutani orodha ya maeneo ya wazi yaliyomo ndani ya mipaka yake: namba ya kiwanja, ukubwa, na mchoro unaosomeka. Palipovamiwa paandikwe kuwa pamevamiwa. Kisha ziwekwe bikoni na bango, na hati itolewe kwa jina la halmashauri kwa niaba ya mtaa, kwa sharti kwamba hakuna ombi la kubadili matumizi litakalofika kwenye kamati ya mipango miji bila muhtasari wa mkutano mkuu wa wakazi ulioambatanishwa na sahihi zao. Ofisa atakayepitisha bila muhtasari huo awajibishwe kwa jina.

La pili ni fedha. Mnaombwa mtenge asilimia moja ya mapato ya ndani ya kila halmashauri kwa ajili ya viwanja na bustani za mitaa, katika kifungu chenye jina lake, kisichoweza kuhamishiwa posho wala mafuta ya magari. Msiseme haiwezekani. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kama kumi ilitengeka, moja inatengeka. Na yaliyoikuta mikopo ile yawe funzo: mwaka 2023 ilisimamishwa baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha mapengo, ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo fedha za viwanja zisigawiwe mikononi. Zinunue vitu vinavyoonekana na kuhesabika: bomba la maji, choo, taa, magoli, mabenchi ya zege, miche ya mikungu na miarobaini. Hesabu ya kila kiwanja ibandikwe kwenye ukuta ule ule wa ofisi ya mtaa. Mwenye nyumba ya kawaida anakatwa shilingi 1,500 za kodi ya majengo kila mwezi anaponunua umeme wa LUKU, na ana haki ya kuona hata bembea moja.

Kuhusu nini kijengwe, waulizwe wenyewe. Halmashauri zina utaratibu wa kupanga kwa kuibua fursa na vikwazo katika kila mtaa, na kwa kawaida kinachoibuliwa ni barabara, maji, zahanati. Safari hii waitwe na watoto. Pale Jeevanjee, UN-Habitat ilitumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft kuwawezesha vijana kuchora upya bustani yao. Mbagala haihitaji kompyuta. Mpe mtoto wa darasa la nne kijiti na mchanga, atakuonyesha goli likae wapi, na njia ya mkato ambayo kila mtu ataendelea kuipita hata mkiweka ua.

Ulinzi wapewe watu ambao tayari wapo. Mama lishe anayewasha moto pale saa kumi na moja alfajiri anajua nani kaingia na nani katoka kuliko askari wa kampuni. Badala ya kumfukuza siku ya uzinduzi, apewe kibanda cha kudumu, mkataba, na ufunguo wa choo. Aongezewe mwakilishi wa shule ya jirani, wazee wa drafti, na klabu ya jogging ya mtaa. Hiyo ndiyo kamati.

Na hizo klabu za jogging zinastahili ombi lao. Kila wikendi alfajiri, Temeke hadi Kinondoni, mamia ya watu wanakimbia wakiimba barabarani, malori yakiwapita ubavuni. Kigali ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara zake kuu Jumapili asubuhi ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Dar es Salaam inaweza kuanza na barabara moja kwa kila manispaa, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Gharama yake ni vizuizi vya barabarani na askari wachache wa usalama.

Yako mengine yangeweza kuombwa: ile Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 na ambayo sasa imebaki kipande, fukwe, kingo za mito. Hayo yana barua yake. Hii ni ya kiwanja kidogo cha mtaani, kisicho na mnara wala historia, ambacho hakitatokea kwenye kalenda ya halmashauri.

Msomaji ambaye si meya wala diwani naye ana kazi. Aende ofisi ya serikali ya mtaa wake siku ya kazi, aamkie, kisha aombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa eneo lake. Akiambiwa haupo, aombe jibu hilo kwa maandishi.

Wenu katika ujenzi wa jiji,
Mwandishi, mkazi wa Dar es Salaam

Nakala: Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, OR-TAMISEMI, wenyeviti wote wa serikali za mitaa, Dar es Salaam, kwa kubandikwa ukutani.